Kihisi Kinasema 1000: Kutafuta Kosa la Kihisi-Umbali Ndani ya Webots



Katika toleo lililopita tuliweka Webots kwenye kompyuta, tukafungua ulimwengu mtupu, tukaifanya roboti ndogo ya e-puck itembee mbele. Tangu hapo maswali mengi yanayoletwa kwenye meza ya klabu yanafanana. Roboti inatembea vizuri, lakini ikifika ukutani haisimami. Mwingine anasema kihisi chake kinatoa namba moja tu, 1000, tangu anapobonyeza kitufe cha kuanza mpaka anapochoka. Na kuna kundi la mwaka wa mwisho linalotengeneza fimbo ya kumwongoza asiyeona. Wao hawana tatizo lolote, kila kitu kinafanya kazi kwenye kompyuta, na kwa kweli hao ndio walionitia wasiwasi zaidi. Tutawafikia.

Neno moja kwanza kuhusu lugha. Wengi wetu tunasema "sensa", lakini kwa Kiswahili sensa ni ile ya kuhesabu watu, kwa hiyo hapa nitasema kihisi. Kihisi-umbali ni kile kinachopima kitu kilicho mbele kiko mbali kiasi gani. Majina yaliyoandikwa ndani ya programu yenyewe, kama lookupTable, nitayaacha yalivyo kwa sababu ndivyo utakavyoyaona kwenye skrini.

Kwa wasiojua, Webots ilianza mwaka 1996 katika chuo cha EPFL kule Lausanne, Uswisi, mikononi mwa Olivier Michel, na kampuni ya Cyberbotics iliyozaliwa mwaka 1998 ndiyo inayoiendeleza. Zamani ilikuwa ya kununua. Tangu Desemba 2018 ni programu huria, kwa hiyo unaipakua bure na msimbo wake wote uko wazi. Kwa sisi ambao roboti moja ya maabara inagombewa na darasa zima, hili si jambo dogo: wengi watamaliza shahada zao wakiwa wamejaribu kazi yao kwenye uigaji tu. Ndiyo maana inafaa kujua uigaji huo unakuambia nini na unakuficha nini.

Namba unayoiona si umbali

Tuanze na yule wa 1000. Ukiongeza kihisi kipya cha aina ya DistanceSensor kwenye roboti yako na usiguse chochote, sehemu yake iitwayo lookupTable huja na mistari miwili:

0 0 0
0.1 1000 0

Hili ni jedwali la tafsiri. Safu ya kwanza ni umbali halisi kwa mita. Safu ya pili ni namba ambayo kihisi kitamjibu aliyeuliza. Safu ya tatu ni kelele, tutaizungumzia baadaye. Kwa hiyo jedwali hili linasema: kitu kikiwa kimegusa kihisi, jibu 0, kikiwa sentimita 10 mbele, jibu 1000, kikiwa katikati, gawanya sawasawa. Sentimita 5 ni 500. Na baada ya sentimita 10? Hakuna kitu. Mstari wa mwisho wa jedwali ndio mwisho wa macho ya kihisi. Ukuta ulio mita mbili mbele kwake haupo kabisa, naye hutoa namba ya mstari wa mwisho, yaani 1000.

Sasa fikiria mwanafunzi anayeona 1000 na kusema moyoni, "Sawa, milimita 1000, ukuta uko mita moja." Anaandika amri: ikipungua 300, simama. Roboti itasimama, lakini itasimama ikiwa sentimita 3 kutoka ukutani, na kwa mwendo wa kasi hapo tayari imeshagonga. Anapunguza kasi. Anapandisha 300 kuwa 700. Anaendelea kubahatisha namba hadi saa sita usiku, na namba inayomridhisha haina maana yoyote nje ya ulimwengu ule mmoja.

Dawa ni kuandika jedwali kwa kipimo unachokielewa. Ukitaka kihisi kinachoona mita 4 na kujibu kwa sentimita, andika mstari wa 0 0 0 na mstari wa 4 400 0. Basi. Sasa 150 ni sentimita 150, na 400 maana yake "sioni kitu, au kitu kiko mita 4". Hizo maana mbili za namba ya mwisho haziwezi kutenganishwa, kwa hiyo msimbo wako usiziamini kama umbali.

E-puck ni hadithi nyingine. Jedwali lake halionekani kwa urahisi kwa sababu limefungwa ndani ya faili ya PROTO ya roboti, na linakwenda kinyume: kitu kikikaribia, namba inapanda. Kikigusa ni 4095. Kwa sentimita 1 ni 1465.73, kwa sentimita 2 ni 383.84, kwa sentimita 3 ni 234.93, kwa sentimita 4 ni 158.03, kwa sentimita 6 ni 104.09, na mwisho kabisa, sentimita 7, ni 67.19. Angalia jinsi inavyoporomoka mwanzoni kisha ikatambaa. Roboti yenyewe ya kweli hutuma mwanga wa infraredi na kupima kiasi kinachorudi, na mwanga unaorudi hupungua haraka sana kadiri kitu kinavyosogea mbali.

Somo la mwanzo la Webots lenyewe linatumia kizingiti cha 80: thamani ikizidi 80, kuna kikwazo. Wengi wameinakili namba hiyo bila kuuliza ilitoka wapi. Piga hesabu. Kati ya 104.09 na 67.19 kuna tofauti ya 36.9, kutoka 104.09 hadi 80 ni 24.09, yaani karibu theluthi mbili ya njia kati ya sentimita 6 na 7. Kwa hiyo 80 maana yake ni kiasi cha sentimita 6.65. Ipo juu kidogo ya 67.19 ambayo ni "sioni kitu", ikiacha nafasi kwa kelele. Ukiichukua 80 hiyo ukaipeleka kwenye kihisi kingine chenye jedwali jingine, umechukua bei ya sokoni Owino ukaitumia Nairobi bila kubadilisha fedha.

Kama hujui jedwali la roboti uliyopewa, uulize msimbo. Amri getLookupTable hulitoa lote, na getMinValue na getMaxValue hukuambia namba ya chini na ya juu. Fanya hivyo kabla ya kuandika kizingiti chochote.

Angalia miale kwa macho

Kabla ya kugusa msimbo, mwombe Webots akuonyeshe kihisi kinaangalia wapi. Nenda kwenye View, kisha Optional Rendering, kisha Show DistanceSensor Rays. Kila kihisi kitachora mwale wake. Sehemu nyekundu ni safari ya mwale hadi ulipogonga kitu. Pale unapobadilika kuwa kijani ndipo penye kitu hicho. Mwale ukipita ukutani bila kubadilika rangi, umepata jibu: kwa kihisi, ukuta huo haupo.

Na mara nyingi sababu ni moja. Katika Webots kitu kina sura ya kuonekana na kina mwili wa kugongwa. Sura ni Shape. Mwili ni boundingObject, na ukiiacha tupu kitu hicho ni kivuli tu: unakiona, lakini roboti inakipita katikati, na mwale vilevile. Kihisi-umbali hakitazami picha, kinatafuta miili. Nimeona ulimwengu uliopambwa vizuri, chumba kizima chenye meza na viti kutoka kwenye faili la michoro ya 3D, na hakuna hata kiti kimoja chenye mwili. Kwenye Optional Rendering hiyo hiyo kuna Show All Bounding Objects, ambayo huchora miili yote kwa mistari. Kitu kisicho na mistari hakina mwili. Kwa ukuta mrefu wa kawaida, Box yenye vipimo vile vile inatosha. Usitumie umbo lenye pembetatu elfu kumi kama mwili wa kiti. Kompyuta yako itakwama, na kihisi hakitafaidika na lolote.

Kuna kosa la mwelekeo pia. Mwale hutoka kufuata mhimili wa x wa kihisi chenyewe. Tangu toleo la R2022a, Webots kwa kawaida huhesabu z kuwa juu; masomo na video nyingi za zamani huhesabu y kuwa juu. Ukinakili namba za mzunguko kutoka kwenye somo la 2019, usishangae kihisi kikitazama dari. Miale ikionekana utaligundua kosa hili kwa sekunde tano, na bila miale unaweza kulitafuta siku mbili.

Jambo jingine dogo linalokula muda wa watu: ukibadilisha mpangilio wakati uigaji unaendelea, kisha ukarudisha mwanzo, mabadiliko yako yanapotea. Simamisha, rudisha mwanzo, badilisha, hifadhi, ndipo uendeshe.

Ukuta mweusi

Sehemu iitwayo type ina majibu manne: generic, infra-red, sonar na laser. Ya kwanza ni ya jumla, hupima umbali bila kujali kitu kina rangi gani au kimekaa vipi. Leza ni mwale mmoja tu, na huacha doa jekundu pale inapogonga. Zinazoleta mashaka ni mbili za katikati.

Kihisi cha infra-red, baada ya kusoma jedwali, huzidisha jibu kwa kiasi cha mwanga ambao kitu kingerudisha. Kitu chekundu kabisa na laini kinarudisha kila kitu, kizidishi ni 1. Kitu kisicho na wekundu wowote kinarudisha 0.2 tu. Uso wenye mikwaruzo hupunguza zaidi ile sehemu inayotokana na rangi. Neno "wekundu" hapa ni la kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu usipobadilisha, redColorSensitivity ni 1 na zile za kijani na buluu ni 0. Ukuta wa kijani kibichi unaong'aa, kwa kihisi hiki, ni sawa na ukuta mweusi.

Turudi kwa roboti isiyosimama. Iweke e-puck sentimita 2 mbele ya ukuta mweusi, na tuhesabu kwa mwale mmoja unaougonga moja kwa moja. Jedwali linasema 383.84. Zidisha kwa 0.2, unapata 76.77. Kizingiti ni 80. Roboti iko sentimita 2 kutoka ukutani na inaapa kwamba njia ni nyeupe! Ikifika sentimita 1.5, ambapo jedwali lina 601.46, jibu litakuwa kama 120 na ndipo itashtuka. Mwanafunzi anayeona hivyo husema kihisi ni kibovu, wakati kihisi kimefanya kazi yake kama vile infraredi ya kweli inavyofanya mbele ya kitambaa cheusi.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni kubadilisha rangi ya ukuta kuwa nyekundu, usiguse kitu kingine, uendeshe tena. Namba ikipanda, tatizo ni rangi. Baada ya hapo amua: roboti yako itakutana na kuta za rangi moja? Basi pima kizingiti kwa rangi hiyo. Itakutana na za kila namna? Basi kizingiti kimoja hakitoshi, na ni afadhali ulijue hilo sasa. Kinachonikera ni lile suluhisho la tatu, la kubadili type kuwa generic ili roboti isimame na picha iende kwenye ripoti, ilhali kihisi kilichonunuliwa kimekaa kwenye boksi na bado ni infraredi.

Fimbo na mtaro

Sasa wale wa fimbo. Wazo lao ni zuri na lina manufaa. Fimbo ina kihisi cha sauti cha HC-SR04, kile chenye macho mawili ya mviringo kinachouzwa katika kila duka la vifaa vya elektroniki. Hutuma mlio wa kilohezi 40 ambao sikio haliusikii, husubiri mwangwi, na huhesabu umbali kwa muda uliopita. Karatasi ya kiwanda inasema kinaona kutoka sentimita 2 hadi mita 4, ndani ya pembe ya digrii 15 hivi. Kihisi kimoja kinatazama mbele kutafuta vikwazo. Cha pili kinatazama chini na mbele, digrii 45, kutafuta mtaro. Umbali wa ardhi ukiongezeka ghafla, fimbo inatetemeka mkononi.

Anayeijua Kampala wakati wa mvua anajua kwa nini wameweka kihisi cha pili. Mitaro ya maji ya kando ya barabara mingi haina mfuniko, na asiyeona akikosea hatua moja hapo anaweza kuvunjika mguu.

Ndani ya Webots walitengeneza ardhi yenye shimo, wakaweka kihisi kwenye kimo cha mita 0.8, digrii 45 kutoka wima, na type wakaiacha generic kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Mwale unagusa ardhi mita 0.8 mbele, urefu wake mita 1.13. Fimbo ikisogea, mwale unaingia kwenye shimo, namba inaruka, kengele inalia. Kazi imekamilika.

Waambie wabadilishe neno moja tu, generic kuwa sonar. Namba itakuwa 400 hapo hapo, kwenye ardhi tambarare, na haitashuka. Kengele italia bila kukoma, kana kwamba dunia nzima ni mtaro.

Sababu ni kanuni ambayo Webots imeiweka kwa kihisi cha sona. Chukua pale mwale unapougonga uso, simamisha mstari ulio wima juu ya uso huo, kisha pima pembe kati ya mstari na mwale. Pembe ikizidi digrii 22.5, Webots huchukulia kwamba sauti imeteleza na kwenda zake, haikurudi. Kihisi hujibu namba ya mwisho ya jedwali. Ni kama mpira: ukiupiga ukuta moja kwa moja unakurudia, ukiupiga kwa upande unamwendea jirani. Digrii 45 ni mara mbili ya kikomo hicho.

Je, kihisi cha kweli kinafanya hivyo hivyo? Inategemea ardhi. Sauti ya kilohezi 40 hewani ina urefu wa wimbi wa milimita 8.5 hivi, na uso wenye vijidudu na mashimo madogo kuliko hapo kwa mbali huwa kama kioo kwa sauti hiyo. Sakafu ya vigae vya hospitali au ya sebuleni ni kioo kabisa, na mwangwi utapotea. Kokoto na majani hutawanya sauti kila upande, kwa hiyo kiasi fulani hurudi. Lami ipo katikati. Kanuni ya 22.5 ni kali kupita kiasi kwa barabara ya changarawe, lakini generic inadanganya kila mahali, na inadanganya kwa upande wa hatari: inamwambia mtengenezaji kwamba fimbo inaona ardhi ambayo pengine haiioni.

Tuseme wanakubali kanuni na kuinua kihisi kielekee chini zaidi, digrii 20 kutoka wima. Mwangwi unarudi. Lakini sasa mwale unagusa ardhi sentimita 29 tu mbele, chini ya hatua moja ya mtu mzima. Fimbo itatetemeka mguu ukiwa umeshainuliwa. Pembe kubwa inampa mtu muda lakini inapoteza mwangwi; pembe ndogo inapata mwangwi lakini inachelewa. Upana wa sauti yenyewe husaidia kidogo. Ukiweka numberOfRays kuwa 5 na aperture kuwa 0.26, yaani digrii 15 kwa radiani, miale ya pembeni itakuwa digrii 7.5 huku na huku, na sona huchukua ule ulio karibu zaidi kati ya inayorudi. Ukikiinamisha kihisi digrii 25, mwale wa nyuma kabisa utakuwa na 17.5 na utarudi. Lakini huo ndio mwale unaogusa ardhi karibu zaidi na miguu, kwa hiyo faida unayopata ni ndogo.

Kwa maoni yangu, sauti ifanye kazi ya mbele, na ardhi itafutiwe kihisi cha mwanga. Vile vya Sharp, kwa mfano GP2Y0A02YK0F kinachoona kuanzia sentimita 20 hadi 150, hupima kwa pembe ambayo mwanga unarudia, wala si kwa wingi wa mwanga uliorudi, hivyo rangi ya ardhi haiwasumbui sana na mita 1.13 imo ndani ya uwezo wake. Webots ina mfano wake tayari kwenye orodha ya vifaa. Jua kali la mchana litakisumbua, hilo lazima lipimwe nje kwa kifaa chenyewe, maana uigaji hauna jua la aina hiyo. Lakini kundi likifika mbele ya watahini likasema "tuliacha sona kwa ardhi, na hii ndiyo pembe iliyotufanya tuache", litakuwa na jambo la kuonyesha kuliko lile lenye video nzuri.

Muda na kelele

Mawili ya haraka. Kihisi cha Webots hakifanyi kazi mpaka ukiwashe, na hakina jibu mpaka hatua moja ya uigaji ipite. Msimbo mfupi kuliko wote wa kukipima ni huu:

from controller import Robot
robot = Robot()
hatua = int(robot.getBasicTimeStep())
kihisi = robot.getDevice("ps0")
kihisi.enable(hatua)
while robot.step(hatua) != -1:
    print(kihisi.getValue())

Ukiona nan badala ya namba, basi umesoma kabla ya kuwasha au kabla ya hatua ya kwanza. Na nan ina hila yake: ukiilinganisha na namba yoyote, kubwa au ndogo, jibu ni "hapana". Amri ya "ikiwa umbali ni chini ya 50, simama" haitasimamisha kitu, wala kompyuta haitalalamika.

Namba iliyo ndani ya enable ni milisekunde kati ya kipimo na kipimo. Hatua ya kawaida ya ulimwengu ni milisekunde 32. Aliyeandika enable(1000) amefumba macho kwa sekunde nzima, na mtu anayetembea mita moja kwa sekunde ameshasogea mita moja. Kwa upande wa pili, HC-SR04 ya kweli inashauriwa ipumzike milisekunde 60 na zaidi kati ya mlio na mlio, ili mwangwi wa kwanza usichanganywe na wa pili. Kwa fimbo, enable(64) iko karibu na ukweli.

Kelele ni safu ya tatu ya jedwali, na huandikwa kama sehemu ya jibu. 0.01 kwenye jibu la 400 ni mtawanyiko wa 4. Wengi huiacha 0, grafu inatoka imenyooka kama rula, na msimbo unaamua kwa kipimo kimoja. Ukiwa na kihisi cha kweli hata kwa saa moja tu, tumia saa hiyo hivi: weka ubao mbele yake, pima kwa rula sentimita 10, 25, 50, 100 na 200, na kwa kila umbali andika masomo 20. Wastani wa masomo hayo ni safu yako ya pili. Mtawanyiko ukiugawa kwa wastani ni safu ya tatu. Tuseme kwa mita 1 umepata wastani wa 101 na mtawanyiko wa 0.5: mstari wako ni 1 101 0.005. Mistari mitano ya namna hiyo, na kihisi ulichokirudisha maabara kimebaki kwenye kompyuta yako.

Zoezi

1. Jedwali lina mistari mitatu: 0 1000 0, kisha 0.5 600 0, kisha 2 0 0. Kihisi kimesoma 300. Kitu kiko umbali gani? Na kikisoma 0, unaweza kusema nini?

2. E-puck iko mbele ya ukuta wa buluu tupu, laini, sentimita 4 kutoka kwake. Kwa mwale mmoja, kihisi kitasoma ngapi? Kizingiti cha 80 kitashtuka?

3. Kihisi cha sona kimefungwa kwenye fimbo, kimo cha mita 0.9, mwale mmoja, digrii 22 kutoka wima. Mtaro utaonekana ukiwa umbali gani kutoka chini ya kihisi? Mpime mwenzako hatua yake, kisha mseme kama inatosha.

Majibu yaletwe mezani Ijumaa baada ya swala, yakiwa na hesabu zote. La tatu lijibiwe na kundi la fimbo kwanza.